Akiba ya Vunjajungu

Mbaluka alishaijua dawa ya kumfanya binti yake ajibu meseji. Akimwandikia "Habari ya huko?" Yvonne alijibu "Poa Baba" baada ya siku mbili, basi. Lakini akimtumia picha ya vunjajungu, yule mdudu akunjaye mikono kama anayesali, aliyemkuta shambani kwake Nunguni, jibu lilikuja upesi, tena refu. Yvonne alikuwa Uholanzi akisomea wadudu. Mzee naye, ambaye tangu amzike mkewe hakuwa na mtu wa kumuuliza hata kama chumvi imekolea, akageuka mwindaji.

Msimu wa mvua aliufaidi. Alimpata mmoja anayejifanya kijiti kwenye ua, mwingine anayejifanya jani kavu la mti wa kahawa, na mdogo mweupe aliyejibanza katikati ya maua. Yvonne alimfundisha atazame nini: urefu wa shingo, madoa ya mabawa, vinundu vya ndani ya mikono ya mbele. Kisha alimpa jina la kila mmoja kwa Kilatini, na mzee akayasoma majina hayo kwa sauti jikoni ili nyumba isikie mtu akiongea.

Mvua ilipokatika, hofu ikamwingia. Kiangazi kikishika vunjajungu wangepotea, na Yvonne naye angepotea. Sasa mtu aliyekulia Ukambani hufanya nini akinusa kiangazi? Huweka akiba. Mbaluka aliwakusanya vunjajungu wote aliowaona, madume kwa majike, akawatia katika mtungi mmoja wa plastiki ule wa kuhifadhia mbaazi, akafunika kwa kipande cha neti. Angemtumia Yvonne mmoja mmoja mpaka mvua ya Novemba. Akalala akijisifu, maskini, kana kwamba hakuna mwerevu mwingine Makueni nzima.

Lakini mbaazi hazilani. Jumapili, aliporudi kutoka kanisani, alifunua neti akakuta mabawa yametapakaa, vichwa viwili vitatu, na jike mmoja mkubwa wa kijani akimtazama bila haya. Hakuwa na namna. Akampiga picha, akaituma.

"Huyu amenona sana, Baba," Yvonne akaandika. "Umekuwa ukimlisha nini?"

Mzee alitaka kudanganya, aseme panzi. Uongo ukamshinda. Akaandika: "Niliweka wengi pamoja ndio nisikose cha kukutumia kiangazi. Amewamaliza wote. Amebaki peke yake."

Aliona kwamba Yvonne ameisoma. Jibu halikuja. Mbaluka akaketi kwenye kigoda, akajua amejiharibia. Binti msomi sasa ameona kwamba baba yake ni mjinga. Aliona aibu, na chini ya aibu ile kulikuwa na upweke.

Simu ikatikisika. "Na wewe, Baba, unakulanga na nani?"

Akaanza kuandika kwamba Kanini wa jirani huja, na watu wa kanisa huja. Hao wote waliacha kuja matanga yalipoisha. Akafuta. Akaandika, "Peke yangu."

Hapo simu ikaita. Yvonne hakuwa amepiga tangu mazishi ambayo hakuweza kuyahudhuria. Mbaluka aliitazama ikilia mkononi, akaogopa, maana hakuwa na mdudu wa kuonyesha wala jina la kuuliza. Akaipokea hivyo hivyo. Binti akasema, "Baba?" na mzee, aliyemzika mkewe bila kutoa chozi, akalia simu ikiwa sikioni.