Mihogo ya Ijumaa

Kule Bihambwe, muhogo ulimfikia Mukasine ukiwa tayari ni unga. Ulipanda kutoka soko la Sake ndani ya mifuko, mweupe na mkavu, na watu wa milimani waliununua, wakasonga bukari, ugali wao, wakala na maharage na maziwa. Hakuna aliyejiuliza ulikopitia. Shamba lake lilikuwa la viazi na mahindi, na mtu hajui matope ya njia asiyoipita.

Vita vilipofika mlimani, mumewe Nzabandora alirudi nyuma kutafuta ng'ombe wao, na hakuonekana tena. Mukasine akashuka na wasichana wake wawili, Tuyishime mwenye miaka minane na Falone mdogo wake, wakafuatana na wakimbizi wengine mpaka ndani ya msitu wa Walikale. Katika kijiji kimoja kando ya barabara, mwanamke aitwaye Léontine aliwatazama miguu yao iliyovimba, akawapa jiko lake la nje walale humo. Hakuuliza watakaa mpaka lini.

Kijiji kizima kilikula muhogo mchungu. Mukasine alilima mashamba ya wenyeji mwanzo wa juma, na Jumanne jioni wakamlipa kwa mihogo, kikapu kizima. Léontine akampeleka kijitoni kumwonyesha kidimbwi cha kulowekea.

“Mama Tuyishime, hii si viazi. Iko na ukali ndani. Unailaza mu maji mupaka kidole inaingia yenyewe, kama mu ndizi ya kuiva. Kama kidole inagoma, na wewe ugome kuikula.”

“Na hii harufu?”

“Inanuka, ndiyo. Ikinuka, ushukuru. Nyinyi watu wa milima munapenda vitu vya kunukia. Huku kwetu chakula kizuri kinaanza na kunuka.”

Wakacheka wote wawili. Mukasine alikuwa hajacheka tangu Bihambwe.

Lakini Mukasine alikuwa mtu wa Sabato, binti wa watu wa Sabato. Tangu utoto alifundishwa kwamba Ijumaa ni siku ya matayarisho: kuni zipasuliwe, maji yatekwe, chakula kipikwe, na jua linapozama lisikute kitu kilichoachwa katikati. Kazi isiyomalizika, mama yake alisema, inakufuata mpaka kanisani. Kwa hiyo mihogo aliyoitia majini Jumatano asubuhi ilimsumbua roho. Aliiona kama mtumishi aliyetumwa kazini, na Mungu alitaka hata mnyama apumzike. Angewezaje yeye kuimba kanisani huku mihogo yake ikimfanyia kazi kijitoni?

Basi kila Ijumaa alasiri alikwenda kuitoa. Kidole kiliingia kidogo pembeni, katikati kikagoma. Yeye akaikatakata vipande vyembamba, akaipanga juu ya uchanja wa moshi kabla ya jua kuzama, ipumzike pamoja naye, na Jumapili akaitwanga. Unga wake ulitoka mweupe kuliko wa Léontine, tena haukunuka. Alimshukuru Mungu kwa hilo pia.

Mume wa Léontine, Papa Floribert, alikuwa mwindaji. Alipopata nyama alikata kipande cha wageni. Mukasine alikikataa kwa heshima.

“Nyani hatuli, mama. Kitabu kinakataza.”

“Na nungunungu?”

“Hata nungunungu.”

Léontine akamgeukia mumewe. “Papa Floribert, uende ukawinde maharage.” Kisha akaleta kibakuli cha maharage yake mwenyewe, na tangu siku hiyo, alipokuwa nayo, aliwapa. Asipokuwa nayo, watoto walikula bukari na chumvi.

Mvua ikakatika, na mihogo ikazidi kuwa michungu, kama inavyokuwa udongo unapokauka. Asubuhi moja Tuyishime aliamka kwenda kuteka maji. Alipofika mlangoni magoti yalitetemeka, akaanguka. Akainuka, akaanguka tena. Hakuwa na homa, hakuwa na maumivu. Miguu ilinyooka ikawa migumu kama ya meza, magoti yakabanana, vidole vikaelekea chini.

“Mama, miguu inakataa,” alisema, na alikuwa anatabasamu kwa aibu, kama mtu aliyemwaga kitu.

Katika kundi la maombi la wakimbizi alikuwamo mama mmoja kutoka Muheto, jina lake Claudette, hodari wa kuomba na hodari wa kusema. Alikuja akaishika miguu ya mtoto, akatikisa kichwa.

“Hii si ugonjwa. Hii njo karuho.”

Karuho ni sumu, ile watu wanayosema inatiwa kwa siri katika kinywaji cha mgeni. Mukasine akasema hapana, hapa hakuna adui.

“Unalala mu jiko ya nani? Unakula maharage ya nani?”

“Léontine ni mtu mwema.”

“Karuho haitoki kwa muntu mubaya, mama. Kwa muntu mubaya hauwezi kula.”

Neno hilo lilimwingia Mukasine kama mwiba, na mwiba ukiingia mguuni mtu haoni njia, anaona mwiba tu. Kabla ya juma kwisha alihamia kibanda cha turubai karibu na Claudette. Léontine alipomtumia maharage, aliyarudisha. Alipomtumia samaki wa kukauka, alimpa mbwa wa jirani. Sasa watoto walikula unga wake tu, alioutengeneza kwa mikono yake, Jumatano mpaka Ijumaa, akiwa na hakika kwamba hapo hakuna mkono wa mtu mwingine.

Kila jioni aliomba. Alifunga chakula, akalia, akamwambia Mungu: Bwana, umrudishie mtoto wangu miguu yake. Tuyishime alisema Amina kwa sauti kuliko wote.

“Mama, Mungu iko nasikia?”

“Anasikia. Utatembea.”

Alisema hivyo kila jioni. Aliamini.

Siku moja Léontine alisimama nje ya kibanda. “Mimi siingii,” alisema. “Nasema nikisimama. Kuko dokta ametoka Goma, anafanya utafiti wa watoto ambao miguu yao imekataa gafula. Iko mu kiwanja ya kanisa. Kama unawaza ni mimi nimemuroga huyu mutoto, umupeleke apimwe, ujue.” Akaondoka bila kungoja jibu.

Mukasine akambeba Tuyishime mgongoni, Falone akafuata, na Claudette naye hakutaka kubaki.

Dokta huyo aliitwa Patient, kijana mwenye sauti ya chini, naye alikuwa pamoja na muuguzi Naomie. Chini ya paa la kanisa walikuwepo watoto wengine, wote na miguu ile ile. Mukasine akawahesabu kwa macho, akashangaa: wengi wao walikuwa wa wakimbizi, lakini wawili walikuwa wa wenyeji. Nani angewaroga hao?

Dokta Patient aligonga goti la Tuyishime kwa kinyundo cha mpira, na mguu ukaruka wenyewe. Tuyishime akacheka, akamwomba agonge tena. Kisha Naomie akaketi naye mkekani, akapanga vipande vya mbao vyenye rangi, akavigusa kimoja kimoja, akamwambia afuate. Tuyishime alianza vizuri, halafu akapotea. Naomie akamwita Falone.

“Huyu anatembea vizuri,” Mukasine alisema haraka.

“Ndiyo, mama. Tunaangalia hata wenye kutembea. Hii kitu inaweza kugusa kichwa ya mutoto mbele ya kugusa miguu.”

Falone aligusa kipande cha kwanza, akamtazama mama yake. Naomie alirudia. Falone alimtazama mama yake tena. Naomie akampa mtoto kipande chekundu acheze nacho.

Dokta alimgeukia Mukasine. “Mama, unifasirie namna unatengeneza mihogo. Tangu kuitoa mu shamba.”

Akamweleza yote bila kuficha, kama mtu anayejivunia usafi wake. Alipofika kwenye kijito dokta akamsimamisha.

“Unaitia Jumatano. Unaitoa siku gani?”

“Ijumaa.”

“Inakuwa imelainika yote? Hata katikati?”

Mukasine alikitazama kidole chake.

“Kwa nini Ijumaa, mama?”

Aliyejibu alikuwa Léontine, kutoka pembeni, alikokuwa amesimama muda wote. “Juu ya Sabato yao, dokta.”

Dokta alishusha macho yake. Hakulaumu, pengine ingekuwa afadhali angelaumu. Alieleza polepole kwamba ugonjwa huu wanauita konzo, jina kutoka upande mwingine wa Kongo, maana yake ni miguu iliyofungwa.

“Si karuho?” Claudette aliuliza.

“Ni sumu, mama. Lakini hakuna muntu aliyeitia. Inakaa ndani ya muhogo muchungu wenyewe, tangu Mungu aliuumba. Maji inaitoa, kama inapewa siku za kutosha. Na mutoto mwenye kula nyama, samaki, ao maharage, mwili yake inapigana nayo. Mutoto mwenye kula bukari tupu haina silaha.”

Mukasine aliwaza samaki aliyempa mbwa. Kisha wazo lingine likaja, zito kuliko la kwanza. Mihogo ingeweza kulala majini Sabato nzima. Yeye angekaa kanisani, na kijito kingefanya kazi yake kama kinavyofanya kila Sabato tangu kuumbwa kwa dunia, na hakuna mkono wa mtu ambao ungegusa kazi. Mungu hakumtuma kwenda kuitoa. Alikwenda mwenyewe.

“Atatembea lini?” aliuliza.

“Miguu haitakuwa mibaya kupita hapa, kama unabadilisha chakula. Tutamutafutia fimbo za kutembelea. Lakini konzo ikifunga, haifungue. Sitakudanganya.”

Claudette alianza kurekebisha kitenge chake, akaendelea kukirekebisha. Léontine akasogea karibu.

“Nilifikiri ulielewa ile maneno ya kidole,” alisema.

“Nilielewa,” Mukasine alisema. Kisha akaongeza: “Mama Léontine, nilikusema vibaya kwa watu.”

“Najua. Kijiji ni kidogo.” Akainama, akamwinua Falone mgongoni. “Huyu atakula kwangu leo. Samaki, si nyani. Usiogope.”

Akina mama wakakusanyika kwa Naomie. Aliloanisha unga kwa maji, akautandaza mwembamba juu ya ungo kivulini, akawaambia wauache hapo mchana ili sumu iliyobaki ipande na hewa kabla ya kusonga. Mukasine alitazama mikono ya Naomie, akayashika yote aliyosema. Halikuwa jambo gumu. Mtoto angeweza kulifanya.

Jioni hiyo Falone alibaki kwa Léontine. Mukasine alimlaza Tuyishime mkekani, akapiga magoti kando yake. Alimshukuru Mungu kwa siku. Akaombea nyumba ya Léontine na Floribert, akamwombea Nzabandora popote alipo, akaombea akili ya Falone, kwa maneno mengi. Akasema Amina.

Tuyishime hakuitikia.

“Mama, umesahau miguu yangu.”

Maneno yalikuwa karibu, kwenye ncha ya ulimi, yale ya kila jioni. Yangetoka bila shida, na mtoto angelala.

“Sikusahau,” alisema. Akamweleza kama dokta alivyomweleza yeye, bila kupunguza. Kwamba miguu itabaki hivi. Kwamba kutakuwa na fimbo. Kwamba ugonjwa ulitoka katika chakula.

“Chakula ya nani?”

“Yangu.”

“Ulijua?”

“Nilijua kidole kimegoma. Sikujua kwamba ni kitu kikubwa.”

Nje watu walikuwa wanasonga bukari, vyungu vikigonga mawe.

“Mama.”

“Naam, mwanangu.”

“Unigeuze. Nataka kuangalia ile upande.”

Mukasine akamgeuza kwa mikono miwili, miguu kwanza, kwa uangalifu, mpaka mtoto akampa mgongo.