Mchezaji wa Tano

Anayesema mimi ndiye niliyemvunja Mnara mguu na aje aniambie usoni, asininong'one kwenye korido. Chuo kizima kimeota midomo. Watu ambao hawajui hata mpira wa kikapu una robo ngapi leo wamekuwa mahakimu. Mimi nilikuwa uwanjani, tena nikiwa kepteni. Nitasimulia mwenyewe, na sitajipamba.

Tulianza msimu tukiwa kumi na wawili. Majina yetu yakaandikwa kwenye orodha ya ligi ya vyuo, orodha ikafungwa, na ikishafungwa haiongezwi mtu asiyekuwa tayari kwenye ligi, hata umlilie nani. Mwezi wa pili Sindano, msichana mwembamba aliyekuwa mwepesi kuliko sisi sote, akahamia chuo cha jirani kwa sababu walimwahidi chumba cha peke yake. Akaondoka na rafiki yake, maana wale walikuwa chanda na pete. Wawili wakafeli mitihani, wakarudishwa makwao. Mmoja akaolewa, na bwana akasema hataki kumwona mkewe na kaptula mbele za watu. Tukabaki saba. Halafu mmoja akavunjika kifundo cha mkono mazoezini, na mwingine bega likachomoka katikati ya mchezo. Watazamaji wakatubatiza jina, Wodi ya Wanawake. Tukiingia tu uwanjani utasikia mtu, "Jamani, leteni machela!" na watu wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Na bado tulikuwa tunashinda. Tulishinda kwa sababu ya Mnara.

Alikuwa mrefu ajabu, na mpole kupita kiasi. Ukimkanyaga, yeye ndiye anayekuomba radhi. Lakini chini ya kikapu alikuwa mtu mwingine kabisa. Tulianza kucheza pamoja mwaka wa kwanza, na tulifika mahali nikawa namrushia mpira bila hata kumtazama. Kisha katika robo fainali akatua vibaya. Mwili ulikwenda huku, goti likabaki kule.

Hospitali nilikwenda naye mimi na mama yake. Mama yake ni fundi cherehani, alikuja mbio na pini bado zimechomekwa kifuani kwenye blauzi. Daktari alitundika picha ya goti kwenye taa akatuonyesha kwa kalamu. Kano moja ilikuwa imechanika nusu. Jumatatu ataishona, alisema, na kwa umri wake huyu binti atacheza tena mwakani. Ila asiruke hata mara moja kabla ya hapo. Ikichanika yote itaharibu na vilivyo ndani, na hapo tusahau habari ya mpira, tuombe tu atembee vizuri.

Tulipotoka, mama yake alinishika mkono.

"Mwanangu, wewe ndiye mkubwa wao. Mwangalie mwenzio."

"Usiwe na wasiwasi, mama," nikamwambia.

Nusu fainali ilikuwa Jumamosi. Ijumaa asubuhi Kocha alituita kwenye stoo ya mipira, sisi wanne tuliobaki wazima. Hakukaa. Alisema sheria ni sheria, timu isiyotimia watano haianzi mchezo, kwa hiyo anaandika barua tunajitoa. Mmoja wetu akaangua kilio palepale. Mimi sikulia. Mimi damu ilikuwa inachemka, kwa sababu nilikuwa najua jambo ambalo wenzangu hawakulijua: Jumamosi anakuja mwanamke wa klabu moja ya ligi kuu, na anakuja kunitazama mimi. Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho. Nyumbani walishanitafutia ukarani kwenye ghala la mjomba, kuhesabu magunia mpaka nizeeke. Mchezo huo ndio uliokuwa mlango wangu wa kutokea, na Kocha anataka kuufunga kwa barua!

Wenzangu walipotoka, nikabaki.

"Kocha, watano ni wa kuanzia tu. Mchezo ukishaanza, mtu akiumia na benchi hakuna mtu, si tunaendelea wanne?"

"Na huyo wa tano umtoe wapi?"

"Mnara asimame tu."

"Umerukwa na akili wewe? Sitaki kusikia."

"Na akikubali mwenyewe?"

Akageuka akaanza kupanga mipira ambayo ilikuwa imeshapangwa. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Barua hakuiandika. Leo ukimuuliza anaapa kwamba hakuelewa nilichokuwa nasema, mnafiki mkubwa.

Nilimkuta Mnara chumbani kwake, mguu uko juu ya mito miwili, magongo yameegemea kabati. Nikakaa kitandani kwake nikamweleza. Mpira unarushwa juu, mwenzetu anaupiga unakuja kwangu, mimi nautupa nje makusudi. Mpira ukishatoka nje, refa anasimamisha mchezo. Hapo yeye anamwambia refa goti linamuuma, anatoka, sisi tunaendelea wanne.

"Sekunde kumi," nikasema. "Zikizidi sana, kumi na tano."

"Daktari alisema..."

"Daktari alisema usiruke. Kusimama amekukataza lini? Chooni unakwenda umebebwa?"

Akacheka. Siku zote ilikuwa rahisi kumchekesha.

"Na mama je?"

"Mama yako yuko na mashine yake na vitambaa vyake. Jumatatu atakukuta kitandani kama alivyokuacha."

Akachezea ncha ya shuka kwa muda. "Lakini utautupa nje kweli?"

"Mimi na wewe tumeanza kudanganyana lini?"

Jumamosi saa tisa alasiri ukumbi ulikuwa umejaa. Bandeji nilimfunga mimi mwenyewe, nikamvalisha na viatu, nikamfunga kamba. Magongo tuliyaacha chumba cha kubadilishia nguo ili asiingie nayo watu wakatucheka. Alitembea polepole, mkono wake begani kwangu, na pale chini ya kikapu cha wapinzani nikamwacha. Wapinzani wenyewe walikuwa chuo cha jirani. Sindano alikuwa amevaa jezi yao, na alituelewa tangu alipoiona bandeji.

"Mwacheni huyo," akawaambia wenzake kwa sauti, bila haya. "Huyo mlingoti tu. Wawili mkabeni Kepteni."

Mnara alisikia. Alitazama chini, akajifanya anaweka jezi sawa. Mimi nilikuwa natazama safu ya pili ya viti, ambako mwanamke wa klabu alikuwa amefungua daftari lake magotini.

Refa akarusha mpira. Mwenzetu akaupiga, ukaja mikononi mwangu kama tulivyopanga. Mstari wa pembeni ulikuwa hatua mbili kutoka nilipo. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kuutupa. Nikamwona yule mwanamke anainua kalamu.

Niutupe nje? Mpira wa kwanza kuugusa, niutupe nje kama mtu ambaye hajawahi kuuona? Nikajiambia, nitautupa unaofuata. Nikaondoka nao. Nikampita wa kwanza, akaanguka kwa makalio, ukumbi ukalipuka. Nikaingia katikati, Sindano akanijia na mwenzake, wakanibana huku na huku, mikono yao imenifunga uso. Na Mnara alikuwa palepale nilipomwacha, peke yake, hakuna mtu hatua tano kutoka kwake. Hakuuomba mpira. Mikono yake ilikuwa chini.

Nilimrushia.

Wanaonitetea wanasema ni mazoea, mikono ilijiendea yenyewe. Si kweli. Nilimwona. Niliiona na bandeji niliyomfunga. Niliona pia kwamba akifunga, pasi ile itakuwa pasi nzuri kuliko zote za siku ile, na nikairusha nikiwa na akili zangu timamu.

Aliudaka. Alinitazama, muda mfupi tu, kisha akaruka. Mpira ukaingia bila kugusa chuma. Watu wote wakasimama wanashangilia, ndipo akatua.

Ulisikika mlio. Sisi tuliokuwa karibu tuliusikia vizuri sana, na Sindano aliweka mikono mdomoni, akarudi nyuma mpaka akagonga ukuta. Mnara alikaa sakafuni anautazama mguu wake, ambao ulikuwa umeelekea upande usiofaa. Kisha akaanza kumwita mama yake. Aliita mpaka walipomtoa nje, na hata mlango ulipofungwa tulikuwa bado tunamsikia.

Refa aliniuliza kama tunaendelea. Nikasema tunaendelea. Tulifungwa kwa pointi ishirini na tatu, lakini kumi na tisa za kwetu nilizifunga mimi. Mwanamke wa klabu alinisubiri mlangoni.

"Ile pasi ya kwanza," akasema. "Walikuziba macho kabisa. Uliona nini pale?"

"Niliona nafasi."

"Njoo Alhamisi tuzungumze."

Hakuuliza habari za yule mrefu. Na mimi sikumkumbusha.

Jumatatu daktari alifungua goti, akakuta kazi nyingine kabisa, si ile aliyotuonyesha kwenye taa. Alifanya alichoweza. Mguu utasimama, alimwambia mama yake, ila kukunja hautakunja tena sawasawa, na gongo moja atazeeka nalo. Mnara ana miaka ishirini na moja.

Nilikwenda kumwona Alhamisi jioni, nikitokea klabu. Nilikuwa nimeshasaini. Walinipa mfuko wa vifaa, mwekundu, wenye nembo yao, na mazoezi ya kwanza yalikuwa jioni hiyohiyo. Mfuko niliusukuma chini ya kiti kabla sijaketi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mama yake alikuwa amekonda kwa siku tano tu. "Watu wana maneno, mwenzangu. Wanasema eti ulifanya makusudi. Nimewaambia wakome. Huyu ni mtoto wangu, hawezi."

Nikasema asante mama. Akachukua jagi akaenda kutafuta maji ya kunywa, akatuacha wawili.

Mnara alisubiri mpaka viatu vya mama yake visisikike tena.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja," akasema. "Usinifiche. Ulisahau, au uliona naweza?"

"Unaweza nini?"

"Tangu mwaka wa kwanza hujawahi kunipa mpira nisioweza kuufunga. Hata mmoja. Kwa hiyo mpira ulipokuja nikajua umeona kitu. Nikasema, Kepteni ameona naweza. Ndiyo maana nikaruka. Ningejua umesahau tu, ningeuacha upite." Alikuwa ananitazama kwa macho makavu, yamemtoka. "Nalala hapa usiku na mchana nawaza hilo tu. Uliona naweza?"

Alichotaka ni neno moja. Nikisema ndiyo, angebaki na kitu cha kushika. Angejua aliruka kwa sababu rafiki yake alimwamini, na labda lingemsaidia. Lakini angemwambia na mama yake, na mama yake angewaambia wengine: kepteni alimwona, akampa kwa kusudi. Lingefika klabu. Kusahau hakuna kesi. Kila mtu husahau.

"Nilisahau," nikasema. "Mpira ulinikolea, nikasahau kabisa."

"Kumbe hukuniona."

"Sikukuona."

Hakulia. Nilitamani hata alie, anitukane, anitupie kitu. Alivuta shuka mpaka kidevuni, akageuza uso ukutani, na mabega yale mapana yakawa madogo kama ya mtoto.

"Haya," akasema. "Chukua mfuko wako uende, utachelewa mazoezi."

Sikuchelewa.