Ndoo ya Walt

Uligeuza uso. Usinibishie, nilikuona. Ulikuwa umekaa kwenye kiti chako cha kukunja, kofia umeishusha hadi kwenye nyusi, simu umeiinua juu kama mtu anayepiga picha za harusi. Moshi ulipotanda na mtu akalia, uliishusha simu hiyo, ukaitia mfukoni, ukaanza kutazama viatu vyako. Na wewe mwingine ambaye hukuwapo barabara ya Woodward mchana ule, usijione umepona. Viatu hivyo unavijua. Umeshavitazama mahali pengine, mtu mwingine akilia.

Naitwa Verlene Stokes. Nilifunga milango ya magari kiwandani mpaka mabega yakastaafu kabla yangu. Shule niliiacha mapema. Nilichokuja kukijua nilikisoma kwenye basi la kwenda kazini na chooni wakati wa mapumziko, nikakigeuza vikaratasi vya chama cha wafanyakazi, manyapara wakavichana, tukaviandika upya. Mimi sisahau. Walio upande wangu wanasema ni karama, na waliobaki wanasema ni maradhi.

Nianze na magari, maana usipoyajua magari hutawajua watu wake.

Kwetu Detroit gari la misuli ni lile lenye injini kubwa mbele, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, na likiwashwa vikombe vinacheza kabatini kwa jirani. Mgeni atakwambia yote ni mamoja. Mwongo. Muangalie mnunuzi. Mastangi ya siku hizi imebanwa kiuno, ina adabu hata inapounguruma, na anayeinunua mara nyingi ni mzee aliyeitamani tangu akiwa shuleni. Kaoa, kalea, kasomesha, kastaafu, ndipo akaileta nyumbani, akaifunika shuka kama mgonjwa, akawa anaitoa jua likimridhisha. Kamaro ni ya mtu mwenye ugomvi ambao haujapata mwenyewe. Madirisha yake ni membamba kama matundu ya kuchungulia adui. Dereva haoni nyuma wala hataki kuona. Chalenja ni jitu. Pana, zito, na tena limeundwa ng'ambo ya mpaka, Kanada, jambo lililowapa mafundi wetu mzaha usioisha. Ila lina kiti cha nyuma ambacho mtu anaweza kukaa akabaki na heshima yake. Ndiyo maana utalikuta kwa kijana wa zamu ya pili, mwenye watu wa kubeba, aliyechoka kupitwa kama nguzo ya umeme, anayetaka kitu kimoja tu maishani kitakachosikika kabla yeye hajafika.

Sasa sikiliza kinachonichoma. Mzee wa Mastangi akichoma matairi barabarani, anaitwa mpenzi wa magari. Kijana wa Chalenja akichoma, anaitwa mhuni. Mpira ni uleule na moshi ni uleule.

Cordell, mtoto wa marehemu kaka yangu, hakuchagua gari kwa nguvu za injini. Alichagua kwa kofia. Siku alipothibitishwa kazini alitupakia, mimi na mama yangu, bibi yake, akatupeleka duka la magari. Mama alikuwa amevaa kofia yake ya Pasaka, ile yenye ua la kitambaa linalosimama kama bendera. Akaingia kwenye Mastangi, ua likalala. Akajaribu Kamaro, akainama, akainama tena, akasimama.

"Hii ni ya kuzikia watu," akasema. "Mie bado."

Kijana wa dukani akacheka hadi akashika meza. Cordell akamfungulia Chalenja la zambarau. Mama akaingia taratibu, akakaa, akaegemea, akapapasa juu ya kichwa chake. Ua limesimama.

"Bibi, unaonaje?"

"Naona Jumapili sitachelewa tena. Lipa, mwanangu, tuondoke kabla hawajabadili mawazo."

Huyo ndiye mhuni wenu.

Kila Agosti kuna ile Jumamosi ambayo Woodward inageuka mto wa magari, na sisi wa kiwandani tunapanga viti ukingoni, mbele ya duka la mabomba ya moshi lililofungwa zamani. Tumepanga hapo tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Upande wangu wa kulia alikaa daima Walt Kowalczyk. Kwenye laini ya kuunganisha magari yeye alifunga milango ya kushoto, mimi ya kulia. Miaka yote ile kilichotutenga ni gari linalopita. Mkewe, Bev, alikaa mwisho wa safu, karibu kabisa na lami, na pai yake ya cheri mapajani, akimpigia kelele yeyote aliyetaka kuikata mapema.

Na Walt alikuja na ndoo. Kama hujawahi kukaa ukingo ule, hii ndiyo kazi yake: gari la misuli likisimama kwenye taa, mtu anamwaga maji ya sabuni kwenye lami, chini ya magurudumu yake ya nyuma. Tairi linakosa pa kushika, dereva anakanyaga mafuta, gurudumu linazunguka palepale, moshi mweupe unapanda, na wazee wazima wanashangilia kama wamerudishiwa meno. Ni marufuku, na kila mtu anafanya. Sikuwahi kuupenda mchezo ule na nilisema kila mwaka. Kila mwaka Walt alinijibu, "Verlene, ukifika mbinguni utagomea hata vinanda."

Mchana ule alipita kwanza daktari wa meno mmoja, na Mastangi ya buluu ambayo plastiki ya dukani ilikuwa bado kitini. Walt akamwaga. Daktari akachoma, mkia wa gari ukayumba kushoto, ukaja kulia, ukakosa viti vyetu kwa upana wa gazeti. Polisi aliyekuwa ng'ambo ya barabara akavuka akicheka.

"Taratibu basi, daktari! Utatuunguza nyusi."

"Samahani, afande. Limenipita nguvu."

"Ndivyo yalivyo hayo. Haya, nenda salama."

Nenda salama! Watu wakapiga makofi. Simu zote zilikuwa juu, ya kwako ikiwamo.

Ndipo nikaliona la zambarau. Cordell alikuwa akimrudisha Mama kutoka mandari ya kanisa. Mama amekaa mbele, kofia kichwani, bakuli la saladi ya viazi mapajani. Taa ikawaka nyekundu wakasimama mbele yetu, nami nikapunga mkono kama mjinga mwenye furaha.

"Ee, kijana wetu huyo!" Walt akainuka na ndoo. "Ngoja nimpe na yeye ya kwake."

Alisema kwa mapenzi. Sitamnyima hilo. Alimjua Cordell tangu anatambaa chini ya meza za ukumbi wa chama. Akamwaga ndoo nzima. Safu yote ikaanza kuimba: "Choma! Choma! Choma!"

Cordell akatikisa kichwa. Akamwonyesha Mama kwa kidole, kama anayesema, hamwoni nimembeba nani? Mama naye akainua mkono wenye glavu nyeupe, akawapungia. Watu wakacheka. Taa ikageuka kijani, na Cordell akaondoka polepole, kama unavyoondoka ukiwa na bakuli la bibi yako ndani ya gari.

Lakini sabuni haijui nani ana adabu. Jitu lile zito likakanyaga utelezi kwa miguu yake ya nyuma, moshi ukatanda, likateleza ubavu, likapanda ukingo. Kiti cha mwisho kilikuwa cha Bev.

Sitaueleza mlio. Uliusikia.

Cordell alitoka mikono ikiwa juu kabla hajaamriwa. Mtoto wetu anajua anaishi wapi. Polisi ni yuleyule wa nyusi, na kicheko kimemwisha.

"Chini! Lala chini!"

"Afande, bibi yangu yumo ndani, ana..."

"Nimesema chini!"

Walt amepiga magoti, amemshika Bev kichwa, anaita jina lake kwa sauti ndogo kama anayemwamsha aende kazini. Na hapo, nyuma yake, mguu wa mtu ukaisukuma ndoo chini ya gari lililoegeshwa. Niliuona mguu, sikuuona uso. Wewe uliuona.

Bev alikufa hospitali wiki ile. Nililia kwenye jeneza lake, na nililia kweli. Ndiye aliyenibebea supu nilipofukuzwa kazi kwa vikaratasi vyangu. Kisha nikaenda mahakamani kumwona mpwa wangu akizikwa mzima. Mmoja baada ya mwingine mlipanda kizimbani, mkasema yaleyale. Alikuwa anajionyesha. Alikanyaga mafuta kwa makusudi. Maji? Hapana, sikuona maji. Ndoo? Ndoo gani?

Mama naye alipanda, na kofia ileile. Mwendesha mashtaka akamuuliza kwa upole wa nyoka kama anamkumbuka gavana ni nani.

"Sikumpigia kura. Kwa nini nijaze kichwa?"

Ukumbi ukaangua kicheko, hata jopo la raia waamuzi. Na walipomaliza kucheka, mama yangu alikuwa ameshakuwa bibi mchekeshaji aliyepoteza kumbukumbu. Mimi nilipotaja ndoo, nikaambiwa ni shangazi wa mshtakiwa na mchochezi anayejulikana. Cordell alifungwa. Daktari wa meno yuko nje na Mastangi yake, jua likimridhisha.

Nikaja ukumbini kwa chama. Unakumbuka? Nilisimama mbele yenu wote, nikawaita ndugu, jina tunaloitana. Dolores wa idara ya rangi ndiye aliyejibu, macho yake yakiwa kwenye kikombe.

"Verlene, hatumsemi mwenzetu. Sheria hiyo unaijua."

Naijua! Nimekatwa mishahara kwa ajili yake. Kwenye laini, bolti ikikosewa, nyapara akaja na uso wake kuuliza ni nani, hakuna aliyeona. Mtu asitolewe kafara kwa aliye juu. Hiyo ndiyo ilikuwa maana yake, ngao ya mnyonge. Mkaichukua ngao, mkampiga nayo mnyonge.

"Cordell si mwenzenu?" nikauliza. "Kadi yake ya chama si kama yako, Dolores? Michango yake haikununua hicho kikombe?"

"Walt kapoteza mke. Unataka na yeye tummalize?"

Mtu mmoja huko nyuma akaanza kukunja viti.

Nilikwenda kwa Walt mwenyewe. Nilimkuta kwenye banda lake la gari, amekaa kwenye kiti cha Bev kilichopinda mguu, akiitazama Mastangi yake iliyofunikwa. Hakuwa ameitoa tangu siku ile. Vumbi lilikuwa limelala juu ya shuka.

"Walt. Sema tu kilichotokea."

Akachora mstari kwa kidole kwenye lile vumbi.

"Nikisema, Verlene, basi mimi ndiye."

"Ulimwaga kwa mapenzi. Sema hivyohivyo. Hakuna atakayekufunga kwa ndoo."

"Jela siiogopi." Akapapasa mkono wa kile kiti. "Usiku nikiamka, namwambia ni yule kijana. Namwambia Bev. Sasa nitaanza kumwambia nini?"

Hasira haikuwa na pa kukaa mle ndani, kwa hiyo nilitoka nayo. Iko hapa bado. Mjane anayelia usiku namwelewa. Ninyi mliolala usingizi ndio siwaelewi. Mliita ukimya wenu huruma. Huruma gani hiyo inayolipwa kwa miaka ya mtoto wa mwenzako? Mkuki kwa nguruwe mtamu. Lingekuwa la buluu limepanda ukingo, na daktari ndani, mngeitafuta ile ndoo kwa tochi, mngeileta mahakamani mmeifunga utepe.

Walt amezikwa Aprili hii, kando ya Bev. Mlikuja wote, mkaitoa Mastangi yake, mkaiongoza mbele ya jeneza, ikinguruma kwa adabu. Nilisimama nyuma na Mama. Udongo ulipomwagwa, akanivuta mkono.

"Sasa hawana wa kumficha," akasema.

Basi nakwambia wewe, kwa sababu kisingizio chako kimeshafukiwa. Rufaa ya Cordell inasikilizwa mwezi huu. Wakili anasema video moja inatosha kuufungua mlango, moja tu, hata iwe imetetemeka. Na najua hukuifuta. Nakufahamu, moshi wa daktari ulikuwa mzuri mno, na watu hawafuti moshi mzuri. Umeibeba kutoka simu hadi simu, chini kabisa, chini ya picha za wajukuu.

Mama amekataa kupanda gari lolote lingine. Jumapili anatembea, mkono mmoja kwangu, mwingine umeshika kofia isipeperushwe, na kila linalopita likinguruma anasimama kidogo, anasikiliza, kisha anasema, "Siyo," tunaendelea.

Toa simu. Usisubiri kumaliza kusoma. Rudisha nyuma, pita mlio, pita moshi, pita glavu nyeupe inayopunga, mpaka utakapomwona mzee anainuka na ndoo.

Hapo. Simamisha. Mpelekee wakili.