Barua ya Kuwaonya Wenye Fotokopi

Wakili aliingia dukani kifua mbele, akampa mama wa fotokopi flashi yake. Alitaka nakala thelathini za barua ya kuyaonya maduka yanayorudufu vitabu vya watu: wizi ni wizi, na mahakama haina utani. Karatasi zikatoka, kila moja na maandishi mekundu katikati, yaliyowekwa na programu aliyoiandikia barua: PROGRAMU HII HAIJALIPIWA.

Mama akamtazama juu chini. "Mimi natumia programu ya bure, baba. Wenyewe walioitengeneza wameruhusu kila mtu. Nikuwekee kwenye flashi yako?"

"Ya bure?" Wakili alikunja uso kama aliyepewa nguo za mtumba. "Mimi mtu mwenye heshima zangu! Hii yangu ni ya bei mbaya. Nitafutie tu fundi aifute hiyo alama."