Salamu Mlangoni pa Namba Kumi na Sita

"Nimesema, kama haitoki, basi na mimi sipiti," dereva mstaafu alisema, akaitua ndoo yake ya takataka katikati ya korido ili ionekane hana mzaha.

"Usipite. Nani kakulazimisha?" muuguzi alimjibu kutoka mlangoni kwake, mswaki ukiwa mdomoni. Alikuwa ametoka zamu na hakuwa na subira na mtu. "Wiki nzima unagombana na kitu ambacho kazi yake ni kuwajulia watu hali."

"Hainijulii mimi hali! Jumatatu niliijibu, nikasema sijambo, tena kwa adabu zote. Ikaniangalia kama mtu aliyekosea namba ya simu. Umri huu, dada, nifedheheshwe kwenye korido yangu mwenyewe?"

Kilichokuwa kinagombewa ni salamu. Ilikuwa imesimama mbele ya mlango namba kumi na sita, ghorofa ya nne, kimo cha mwanamke wa makamo, na ilikuwa imekula nusu ya njia. Siku saba nyuma ilipofika ilikuwa na ukubwa wa mto wa kulalia. Salamu isiyojibiwa huvimba, na tangazo lililobandikwa karibu na lifti lilikataza baiskeli, vigari vya watoto na salamu kuachwa kwenye njia. Kila mtu alipopita, ilitoa sentensi yake ileile, kwa sauti ya mwanamke aliyebana pini midomoni:

"Mwanangu, hujambo? Mbona kimya?"

Aliyeileta alikuwa ameketi kwenye ngazi, daftari magotini, akisoma habari za udongo wa mfinyanzi. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, mgeni katika nchi ile, na mtaani kwao walimwita Profesa tangu darasa la tano kwa sababu ya miwani.

Mambo yalianzia siku ya kuagwa. Mtaani kwao watu wanaamini kwamba ng'ambo ni mahali pamoja, kama sokoni, na ukifika ukauliza vizuri utaoneshwa kila aliyewahi kwenda. Basi siku ile nyumba ilijaa mpaka watu wakakalia ndoo, na kila aliyekunywa chai aliacha salamu.

"Mpwa wangu yuko hukohuko, anapika kwenye meli."

"Lakini mama mdogo, meli si inatembea?"

"Kwani wewe utakuwa umefungwa kamba?"

Profesa alipojaribu kueleza kwamba watatu kati ya waliotajwa wanaishi nchi nyingine kabisa, shangazi yake alimwambia aache maringo, ndege yenyewe hajaipanda. Salamu zilikuwa arobaini na moja. Kwenye mizani ya uwanja wa ndege zilifika kilo tisa, ikabidi aache koti na kamusi. Upande wa pili afisa wa forodha alifungua begi, akazigusagusa kwa kalamu, akauliza kama zina mbegu. Hazikuwa na mbegu. Akaandika: salamu, matumizi binafsi.

Likizo zake zote ziliishia kwenye treni. Wenzake wa chuoni walikwenda kutazama maporomoko na majumba ya wafalme, yeye akienda kutazama binamu za watu. Nchi ile aliijua kwa kengele za milango yake: ipi inalia, ipi imekufa, ipi inafanya mbwa wa ghorofa ya chini awe mwendawazimu. Profesa alimkuta mpishi wa meli bandarini akimenya vitunguu, naye akajibu palepale, salamu ikayeyuka kiganjani na pakabaki jibu, jepesi kama kiberiti kitupu. Mwanasheria mmoja alitaka aletewe kwa maandishi, nakala tatu. Bwana mwingine alikuwa ameshafariki, ikambidi Profesa akamtafute makaburini. Huyo hakuwa na shida hata kidogo. Alijibu, akashukuru, akauliza kama kwao mvua imenyesha.

Likizo hii ilikuwa imebaki moja tu. Ilitoka kwa Mama Cherehani, jirani wa ukuta mmoja, kwenda kwa mwanawe Injinia.

"Kila mwaka nimemtumia moja, na huu ni wa kumi na mbili," alisema siku ya kuaga, na alikataa kuketi. "Chumba chake nakifagia kila Ijumaa. Mashuka nabadilisha, hayajalaliwa. Hii isipojibiwa, chumba nampa mpangaji, na mtu akiniuliza nina watoto wangapi nitamwambia sina."

Mpangaji alikuwa ameshapatikana, fundi redio, mtu mtaratibu. Alipewa Jumapili saa sita mchana alete godoro. Leo ilikuwa Jumapili, na ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi.

Profesa alifunga daftari, akainuka, akapita ubavuni mwa salamu na kugonga. Mlango ulifunguka kadiri mnyororo ulivyoruhusu, ukatokea uso wa mwanamume aliyenyoa ndevu upande mmoja.

"Kaka, ni mimi tena."

"Najua. Umeanza kugonga kama mama yangu."

"Saa sita godoro linaingia. Neno moja tu, kaka. Sema sijambo, nipige simu, niende zangu chuoni."

"Wewe unadhani nimeikataa," Injinia alisema. "Chungulia. Halafu uniambie iingie wapi."

Profesa alichungulia. Chumba kilikuwa kimoja, chenye kitanda, sinki na dirisha, na ndani yake mlikuwa na salamu kumi na moja, kila moja kimo cha mwanamke wa makamo. Mbili zilikuwa zimekalia kitanda. Moja ilisimama mbele ya kioo, ndiyo maana ndevu zilinyolewa upande mmoja. Injinia mwenyewe usiku alilala akiwa amesimama, kati ya kabati na ile ya mwaka wa nne. Zilipoona mlango uko wazi zikaanza kwa zamu, ya kwanza hadi ya mwisho, bila kukatizana: mwanangu, hujambo, mbona kimya.

"Zijibu zote kwa mpigo," Profesa alisema.

"Si—" Injinia alianza. Neno lilikatika. Nusu yake ikadondoka sakafuni kama kifungo cha shati, ikabingirika chini ya kitanda. Chini ya kitanda palikuwa na nusu nyingine nyingi, alizifagia kila mwisho wa mwezi. "Unaona? Halitoki zima."

"Sasa kinachokukwaza nini?" muuguzi aliuliza kutoka korido, maana milango ya jengo lile haikuficha kitu. "Hata mgonjwa husema sijambo kwanza, ndipo akueleze anapoumwa. Mimi wagonjwa wangu wote hawajambo. Yuko aliyeniambia sijambo na palepale akakata roho."

"Huyo alikuwa na uhakika wa anakokwenda," Injinia alisema.

Kisha akamweleza, kwa sauti ya mtu anayeelekeza kituo cha basi. Alipofika katika nchi ile, ofisi ilichukua vyeti vyake vihakikiwe. Siku tatu, walimwambia. Wakati anasubiri aliomba kibarua, wakampa hapohapo ofisini, kupiga deki. Faili lake liko kabati la pili kutoka dirishani, rafu ya chini. Kila jioni alilifuta vumbi. Mkataba wake ulisema mfagizi asifungue karatasi, naye hakufungua. Yeye ni mtu wa madaraja. Mama yake akisikia sijambo, swali la pili litakuwa amejenga daraja gani, na hapo ndipo neno linapokatikia.

Profesa aliijua ofisi hiyo. Jumatano alikuwa ameibeba salamu mgongoni mpaka pale, kuulizia faili la Injinia. Karani aliipa namba mia tatu na kumi na mbili na kiti cha kukalia. Zamu ilipofika, akasema mwenye faili aje mwenyewe.

"Mwenye faili ndiye anayepiga deki hapa," Profesa alimwambia.

"Huyo ni mfagizi," karani alisema, akainua miguu ili Injinia apitishe deki chini ya meza.

Saa sita kamili simu ililia. Profesa aliiweka sauti kubwa, kwa kuwa wote walikuwa wamesimama wanasikiliza, hata dereva mstaafu, ambaye ndoo yake ilikuwa bado palepale. Upande wa pili godoro lilisikika likiburutwa.

"Profesa mwanangu. Amejibu?"

Kudanganya kusingesaidia. Jibu la uongo halina uzito, na Mama Cherehani alikuwa mtu wa kupima vitu mkononi.

"Bado, mama."

"Yupo lakini?"

"Yupo."

"Mzima?"

Profesa alitazama ule uwazi wa mlango. Injinia alikuwa ameuziba mdomo wake kwa viganja viwili, kama mtu anayejaribu kuzuia kitu kisidondoke, au anayejaribu kukishika kikidondoka.

"Anafanya kazi, mama. Kila siku anakwenda."

Halafu Mama Cherehani akasema, na hakuwa anasema nao: "Fundi, godoro liweke upande wa dirishani. Hapo ndipo penye hewa." Kisha akarudi kwenye simu. "Na hiyo salamu usinirudishie. Mimi nikitoa nimetoa."

Simu ikakatika. Injinia alirudisha mlango taratibu mpaka kitasa kikalia. Ndani zile kumi na moja zilianza upya, ya kwanza hadi ya mwisho. Ile ya nje ilikuwa imeongezeka kidogo mabegani, kiasi cha vidole viwili, na muuguzi alirudi nyuma kuipa nafasi.

"Sasa itaziba mpaka kwangu," alisema.

Dereva mstaafu alikuwa ameingia chumbani kwake, masufuria yakasikika. Profesa alivaa begi. Treni yake ilikuwa saa nane, na kesho yake alikuwa na mtihani wa udongo. Alipofika ngazi ya kwanza, dereva alitoka tena, taulo la jikoni begani, mwiko mkononi, akasimama mbele ya salamu.

"Mwanangu, hujambo? Mbona kimya?"

"Mimi si mwanao, hilo tulishamalizana," alisema. "Ila umesimama siku saba na hakuna aliyekukaribisha. Na wewe Profesa, shuka begi, treni hazijaisha. Dada, lete viti vyako, vyangu ni viwili."

"Chakula kitatosha?" muuguzi aliuliza.

"Kikiisha nitapika kingine. Nina kazi gani?"

Salamu iligeuka ubavu, kwa kuwa mlango ulikuwa mwembamba, ikajifuta kwenye zulia la mlangoni ingawa haikuwa na miguu hasa, ikaingia. Kwenye namba kumi na sita tundu la kuchungulia lilikuwa limeingia giza, kama linavyoingia giza mtu anapoweka jicho. Dereva mstaafu aliligonga mara mbili kwa mpini wa mwiko.

"Injinia! Mimi sikuulizi kama hujambo. Toka na wageni wako wote, njooni mle."