Msitu wa Ndani ya Makaa

Daktari Hippolyte, Mkongo aliyeongoza maabara ya miamba, alipotoroka Kampala mwaka 1974, alimwachia msaidizi wake, Rukiah Marjan, kreti moja ya makaa ya kahawia, yale machanga ambayo ndani yake bado unaona gogo na gome lake. Alimsihi asiyaache yakauke, maana yakikauka hupasuka.

Kwa miezi mitano Rukiah aliyafunika kwa magunia mabichi. Bomba la maabara lilipokatika, alibeba maji kwa jerikeni kutoka kwao Kibuli. Alichemsha vipande, akavikata kwa wembe hadi mwanga ukapenya, akavitazama kwa hadubini. Mbao zile hazikuwa na pete za mwaka. Miti haikujua kiangazi. Mirija yake ilikuwa mipana, ya miti inayokunywa maji mengi. Vipande vinne vilikuwa vya jamii ya mitende. Palipochimbwa makaa yale sasa ni nyasi na mbuzi. Zamani palikuwa msitu wa kinamasi.

Ndipo akaletwa mkuu mpya, Kapteni Dawudi, Mnubi kama yeye. Alitaka ripoti ya kuonyesha kwamba makaa yangetosha kuendesha kiwanda. Rukiah alikuwa ameandika kuwa tabaka lenyewe halizidi unene wa mkono.

“Andika ya kwamba makaa iko mingi,” kapteni akasema.

Rukiah aliwajua watu walioitwa ofisini wasirudi makwao.

“Afande, mimi naandika kitu nimeona.”

Kapteni akamwambia ashukuru kwamba yeye kapteni na marehemu baba wa Rukiah waliswali msikiti mmoja. Akamhamishia stoo, na kreti ikamwagwa uani. Siku mbili za jua zikatosha; magogo yakawa magamba.

Lakini vile vipande vyembamba, sitini na kimoja, vilikuwa nyumbani kwake, vimegandishwa juu ya vioo. Akamaliza orodha ya miti, akampa Marie-Louise, mfanyabiashara wa Kansanga aliyekuwa akienda Bukavu alikokimbilia daktari. Marie-Louise aliuliza kama karatasi zile zingemfunga.

“Ni miti tu.”

“Miti ya nani?”

“Ya kabla ya watu.”

Marie-Louise akacheka, akazichomeka katikati ya vitenge.

Jibu lilifika baada ya mwaka. Daktari alisifu kazi, ila alidai kuwa miti miwili kati ya ile ilikuwa ya aina moja. Ijumaa, kapteni alipokwenda kuswali, Rukiah aliingia maabara na vioo vya miti hiyo miwili, akavitazama upya kwa nusu saa. Akamwandikia daktari kwamba aliyekosea ni yeye daktari.