Maji Mazuri Sana, Mama

Mkwe wao, mume wa binti yao, alitoka bafuni meno yakigongana, akamwambia mama mkwe, "Maji mazuri sana, mama, asante." Mazuri kweli! Midomo imempauka kama aliyelala kwenye friji.

Baba mkwe ni fundi wa kujiteua. Redio ya mwisho kupita mikononi mwake haijasema neno hadi leo. Basi akaifungua hita ya gesi, ile isiyo na tangi, inayopasha maji yakiwa yanapita. Akaipuliza, akaigonga, akatangaza kwamba imekufa.

"Imekufa?" mkewe akauliza. "Na hapa jikoni naoshea vyombo maji ya moto ya nani?"

Kesho yake mkwe alipoingia kuoga, mama aliweka aibu kando akatega sikio ukutani. Hita kimya. Maji yanachuruzika kinyongenyonge. Kumbe mtoto wa watu analifungua bomba kidogo tu, asije akaonekana anamaliza maji ya ukweni! Na hita ile, maji yasipopita kwa nguvu, haiwaki ng'o.

"Baba, fungua bomba lote!" akampazia mkwe sauti kupitia ukutani. "Hiyo hita haijui adabu!"

Hita ikanguruma. Huko ndani mkwe akaanza kuimba.

Baba mkwe akamjia mkewe mbio, bisibisi mkononi, skrubu zilizobaki zikilia mfukoni.

"Umeona kazi yangu?"

"Si jana ulisema imekufa?"

"Ndiyo. Nikaifufua."